Risala ya wachoma makala (makaa ya kuni) na watunza msitu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kitaifa ya Mti, Lubumbashi, 5 Desemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, machifu, baba na mama, vijana,

Karibu sana. Punde utapewa mche wa akasia uupande, nasi tutashangilia. Kabla ya hapo, turuhusu tuseme juu ya msitu ambao haukupandwa na mtu: miombo.

Muputu au mutondo, miti ya miombo, ukikatwa haufi. Mizizi hubaki hai, kisiki huchipua. Mengi yanategemea mkataji: akate sentimita 15 hadi 30 kutoka ardhini, mkato uwe mshazari maji yasituame, gome lisichanike. Baada ya miaka miwili machipukizi hugombania mwanga. Yabaki mawili au matatu yenye nguvu, mengine yapunguzwe. Anayemaliza msitu kabisa ni yule anayeng'oa visiki apate shamba la mahindi.

Halafu kuna moto. Ule wa Septemba na Oktoba hukuta nyasi zimekauka na machipukizi yametoa majani mapya. Huyaua hadi kwenye kisiki. Wa Mei au Juni hukuta nyasi zingali na unyevu, nao hupita chini bila ukali. Basi penye lazima ya kuchoma, pachomwe mapema, jioni upepo ukitulia, na kwanza pafyekwe njia ya mita 3 hadi 5 kuuzunguka msitu.

Sisi wenyewe tunapoteza miti mingi ndani ya tanuri. Kuni mbichi hula sehemu ya moto kwa kukausha maji tu, ndiyo maana kilo 100 za kuni zaweza kutoa makala kilo 10 badala ya 20. Kuni zikae wiki nne hadi sita zikauke, zipangwe bila mianya mikubwa, zifunikwe majani kisha udongo. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka. Ukigeuka mwembamba wa buluu, makala yameiva, matundu ya hewa yazibwe. Udongo ukipasuka usiku na mlinzi amelala, asubuhi ni majivu. Tanuri jipya lijengwe pale pale pa zamani, pasiharibiwe mahali pengine, kwani joto huua mizizi na mbegu zilizo chini yake.

Akasia na mikaratusi tunaitaka, karibu na mji, kwa ajili ya mbabula zetu, yaani majiko ya makala. Lakini haitatuletea viwavi vya mutondo tunavyokula wala uyoga unaoota kwenye mizizi ya miombo, na mama wanaouza sokoni wanalijua hilo kuliko sisi.

Maombi yetu ni mawili. Kwanza, machifu watangaze kila mwaka, kabla ya Mei kuanza, siku ya mwisho ya kuchoma nyasi. Pili, dekreti (amri ya serikali) ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Dosie, yaani faili la maombi, inadai ramani ya mipaka, na kupima mipaka kuna gharama. Tunaomba ofisi yako itusaidie mpimaji.

Tunaomba kuwasilisha.