Hiyo si injini ya Kigoma

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu siku tulipokuwa tukinunua nakala moja watu watatu pale loko, karakana ya injini za reli, na kupokezana kwa zamu. Miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari. Mlipomfanya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, kuwa Muha nilinyamaza. Lakini ile habari ya Jumapili, ya filamu ya zamani iliyopigwa na mgeni mmoja kwa kamera yake ya mkononi, ya garimoshi "likihangaika kupanda milima kuelekea Kigoma", imenishinda kumeza.

Mwandishi wako alipatia jambo moja: reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Hilo hata mjukuu wangu wa darasa la sita analijua. Baada ya hapo aliacha njia. Injini ile ina namba 5918 ubavuni na jina Mount Gelai. Kweli Gelai ni mlima wetu, uko kaskazini karibu na Ziwa Natron. Lakini injini zote za daraja la 59 zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kazi yake ilikuwa Mombasa na Nairobi. Lilikuwa dude la tani 250 na ushee. Hiyo hiyo 5918 imesimama mpaka leo kwenye makumbusho ya reli kule Nairobi. Kuna watu wangapi wanaitwa Simba, na wanakula ugali kama sisi?

Halafu huo moshi. Mmeandika eti ni wa makaa ya mawe na eti injini "inaelemewa". Ndugu Mhariri, mimi nilikuwa fayamani, mtunza moto wa injini. Injini zile zilichoma mafuta mazito, na mafuta mazito yanaacha masizi ndani ya mirija, na masizi yakizidi mvuke haupandi. Kwa hiyo dereva akiwa ameifungulia injini vizuri, fayamani anachota mchanga mkavu kwa upawa, anaupeleka kwenye tundu la mlango wa tanuri, na mvuto wa moto unaunyakua ule mchanga upawani kwa kishindo mpaka mkono unashtuka. Unapita kwenye mirija ukiikwangua, na juu kwenye bomba linatoka wingu jeusi tii. Basi! Hilo ndilo wingu lenu. Ni mtu anafagia nyumba yake, ninyi mnaandika nyumba inaungua. Na wenye kamera walilipenda mno. Wakimwona fayamani stesheni walikuwa wanamwomba kwa ishara alitoe wakiwa wamejipanga mbele na jua liko mgongoni.

Mkaongeza dhambi juu ya dhambi kwenye video mliyoitoa. Filamu zile ndogo nyingi hazina sauti, na zilipigwa kwa picha 16 au 18 kwa sekunde. Mmeziendesha mbio mpaka wapanga mizigo wanatembea kama kuku waliomwagiwa maji, mkabandika na honi ya dizeli!

Nina sababu ya kuumia. Mwaka 1974 mwalimu mmoja Mwingereza alitupiga filamu tukijaza maji kwenye tangi, akanitumia nakala kwa posta, dakika tatu tu. Nimo mle, kijana, nina nywele. Mwaka 2009 niliipeleka kwenye ofisi moja, sitaitaja, waiweke kwenye diski. Njoo kesho, njoo kesho kutwa. Nilikwenda mara kumi na moja. Siku ya mwisho nikaiona dirishani, juani, kopo limeachwa wazi, utepe umejikunja kama maganda ya muhogo na unanuka siki. Kijana wa mapokezi akaniambia, "Shikamoo mzee, pole, kwani hukupiga hata na simu?" Mwaka 1974!

Ofisi ni hizo hizo. Sisi wastaafu tunaitwa kuhakikiwa, tupange foleni na vitambulisho, barua na picha ndogo mbili, kuthibitisha kwamba tungali hai. Mimi nikikosa karatasi moja narudishwa nyumbani. Injini ya Mombasa imeingizwa Kigoma bila karatasi yoyote, na mhariri akagonga muhuri.

Ushauri wangu ni mwepisi. Mkipata filamu nyingine, kabla ya kuichapa ileteni Tabora. Tupo wazee wanne, tunakaa chini ya mwembe hapa mtaani kila siku kuanzia saa kumi, isipokuwa Ijumaa. Mje na kompyuta yenye chaji, mzime muziki, muiendeshe kwa mwendo wake. Tutawasomea namba. Malipo ni birika moja la kahawa na kashata nane, mbili kwa kila mzee, na za karanga, siyo za nazi, maana mmoja wetu zinamdhuru.

Fayamani mstaafu,
Tabora.