Kahawa Niliyokuficha

Augsburg, 14 Februari 2026

Mpendwa Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mama na watoto wote, nasi huku tu wazima isipokuwa kwa hii baridi, ambayo sitaizungumzia kwa sababu mwaka jana niliizungumzia kurasa mbili nzima ukanicheka mbele za watu. Barua yako ya Desemba niliipata, nikaisoma, nikaiweka juu ya kabati, na kila nilipotaka kuijibu nilijikuta nina nguo za kufua. Sasa Ramadhani imebakiza siku nne au tano, bila shaka ninyi mmeshaanza vunjajungu, na mimi nimeona si vizuri kuingia katika mfungo kabla sijakutaka radhi.

Jambo lenyewe ni hili. Uliniuliza kama euro 900 zitakutosha kwa siku 21 za mwezi Juni, kwa kuwa kaka Salim amekwambia kwamba Ulaya si mahali pa watu wenye mfuko mwembamba, na kwamba utarudi Tanga umekonda kwa kula mkate mkavu. Ukasema humsikilizi, kwani mimi na Tatu tulikwenda mpaka Venice mwezi Oktoba tukarudi bila hata kuhisi, kama nilivyokuandikia mwenyewe. Zuhura, tulihisi. Tulihisi hasa siku ya Jumamosi, saa kumi alasiri, katika uwanja wa San Marco, na tangu siku hiyo naona haya kukuandikia habari za fedha.

Tulikuwa tumetembea tangu asubuhi, madaraja juu madaraja chini, na chapati zetu ziko mkobani. Tulipotaka kukaa kwenye ngazi za uwanja tule, mlinzi akatuashiria tuinuke, kwa kuwa pale ni marufuku kukaa chini na kula, na anayekaidi hutozwa faini. Tatu miguu imemvimba, mbele yetu kuna viti vitupu, watu watano wanapiga fidla na kinanda, na mhudumu mwenye koti jeupe amekwisha kumvutia kiti kama bibi harusi. Orodha ya bei ilikuwapo mezani. Sikuifungua. Niliona nikiifungua nikaiona bei kisha nikasimama, watu wote watajua kwamba hatuna kitu, basi nikaagiza kahawa mbili kwa sauti ya mtu anayekunywa pale kila siku. Bili ilikuja euro 34, na ndani yake euro 12 zilikuwa za muziki, sita kwa kila kichwa, kwa sababu masikio nayo yana bei. Ni karibu laki moja ya kwetu. Tatu aliitazama ile karatasi, akaikunja, akasema kwamba haondoki mpaka wapige kila wimbo wanaoujua, na kweli tulikaa saa moja na nusu tukiusikiliza mchele wa mwezi mzima ukipigwa kwa fidla.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba asubuhi ya siku ile ile, karibu na stesheni, tulikunywa kahawa kwa euro moja na senti 30 kila mmoja, tumesimama kwenye kaunta. Italia ndivyo ilivyo: anayesimama hulipa bei moja na anayekaa mezani mara nyingi hulipa nyingine, hata kama kahawa imetoka katika mashine moja. Na ile ya kusimama ndiyo ya kwetu hasa, Zuhura, kikombe kidogo, chungu, unapiga mafunda mawili huku wazee wanabishana siasa pembeni, na kinachokosekana ni kashata tu na mlio wa vikombe vya muuza kahawa. Tuliiacha kahawa ya barazani tukaenda kununua kiti.

Kwa hiyo jibu langu kwa kaka Salim ni kwamba fedha zitatosha, lakini sitaki kukudanganya mara ya pili, ndiyo maana nakuandikia hesabu yenyewe. Kulala Augsburg ni bure, kitanda changu ni kipana na mimi sikoromi, usimsikilize Tatu. Usafiri ndani ya Ujerumani tutakatia tiketi ya mwezi ambayo ilianza kwa euro 49 mwezi Mei 2023 na tangu Januari mwaka huu ni 63. Unapanda nayo mabasi, tramu na treni zote za kawaida nchi nzima, ila si zile za mwendo kasi. Inahesabu mwezi wa kalenda, kwa hiyo usije tarehe 29 Mei ukalipia miezi miwili kwa ajili ya siku tatu. Kula Idi ya kuchinja nyumbani, kisha ufike tarehe mosi Juni.

Chakula ndicho kilichomtia Salim hofu, na hapo naomba unisikilize vizuri, hasa kuhusu lile sanduku unalotaka kulijaza. Samli ya Bi Nuru iache, kwani forodha za Ulaya haziruhusu abiria kuingiza nyama wala kitu chochote cha maziwa kutoka nje, nami sitaki kuona samli ile ikitupwa pipani mbele ya macho yangu. Maembe nayo yaache, yanadai cheti cha ukaguzi wa mimea. Lakini nazi zinaruhusiwa bila cheti, pamoja na mananasi, ndizi, tende na doriani, ingawa ukipanda ndege na doriani mimi na wewe tutaachana. Dagaa ruksa, kwa kuwa samaki wanaruhusiwa mpaka kilo 20 kwa mtu. Basi lete dagaa na nazi mbili, unga nitanunua hapa.

Huku mtu hafi njaa akijua siku. Jumapili karibu maduka yote ya chakula yamefungwa, na tarehe 4 Juni pia yatafungwa kwa kuwa ni sikukuu ya Wakatoliki hapa Bavaria, basi tutanunua siku moja kabla kama watu wanaosubiri kimbunga. Mturuki wa mtaani kwetu anauza mkate wenye nyama na kachumbari kwa euro saba, na nusu yake inakutosha mchana. Ukiona bakuli limeandikwa Leberkäse, maana yake "jibini ya ini", usidanganyike: hapa Bavaria hamna ini wala jibini ndani yake, ila nguruwe yumo. Na chupa ya plastiki usiitupe kamwe, kwani ina amana ya senti 25 unayorudishiwa dukani. Mimi mwanzoni nilizitupa miezi mitatu, nikidhani wale wazee wanaoziokota wanapenda usafi.

Kuna mahali nitakupeleka ambapo jina lake litakushtua, nalo ni bustani ya bia ya Munich. Usimwambie mama. Desturi ya zamani ya Bavaria ni kwamba mtu anaruhusiwa kuja na chakula chake mwenyewe, akanunua kinywaji tu, basi sisi hununua maji ya tofaa yenye gesi, glasi kubwa kama ndoo. Mwezi Agosti tulitandaza chapati na maharage ya nazi chini ya mti, na mzee mmoja mwenye kaptura ya ngozi akawa anatutazama kwa wizi. Alikuwa na figili nyeupe ndefu, anaikata mzunguko mmoja kwa kisu mpaka ikawa kama utepe, kisha anainyunyizia chumvi na kuiacha itoe machozi. Tatu akamkatia chapati. Yeye akatukatia figili. Hakuna aliyeelewa neno la mwenzake, ila alipoondoka alikuwa amekula chapati tatu, na sisi tukabaki na harufu ya figili mpaka nyumbani. Siku ile tulitumia euro tano kila mmoja, na hakuna aliyetutoza muziki, ingawa bendi ilikuwapo.

Milima nayo haihitaji utajiri, inahitaji viatu. Uliandika kwamba unataka kupanda Zugspitze kwa kigari cha waya ili umwoneshe Mwalimu Hemedi picha, nami nakusihi usinipangie hilo kwanza, kwa sababu kwenda na kurudi ni zaidi ya euro 70, na kileleni tarehe yenye ukungu utaona ukungu. Kwanza huo ndio mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, nao una mita 2,962. Yaani unaishinda nusu ya Kilimanjaro kwa mita zisizotimia 15. Chini yake kuna ziwa liitwalo Eibsee, la rangi ya kijani ambayo ningeiona pichani ningesema imepakwa, na njia ya kulizunguka huchukua kama saa mbili kwa mwendo wa kinamama. Tutakaa kwenye jiwe, tutakula, tutautazama mlima bure kutoka chini, na Mwalimu Hemedi hatajua tofauti.

Kutoka upande huo reli inaendelea mpaka Mittenwald, kijiji cha mafundi wa fidla, na tiketi yetu ya mwezi inaishia hapo. Kipande cha kwenda Innsbruck tutakilipia. Innsbruck tutapita mchana mmoja tu. Kuna paa la dhahabu ambalo vigae vyake ni 2,657, unalitazama kutoka barabarani bila kiingilio. Lakini mimi mji ule naupenda kwa jambo jingine: Ludwig Purtscheller, yule aliyefika kileleni Kibo pamoja na Hans Meyer mwaka 1889, ndiko alikozaliwa. Kila nikipita hapo huona kama nina shemeji.

Baada ya hapo treni hupanda hadi Brenner, mita 1,370, ambako Austria inaishia na Italia inaanza, na tafadhali pasipoti iwe mkononi, si ndani ya sanduku chini ya dagaa, kwa sababu polisi hupita katika mabehewa. Tutalala Bolzano, ambako nyumba nyingi za wageni humpa mgeni kadi ya kupanda mabasi na treni za jimbo zima bila malipo. Hapo kiingilio kimoja nitalipa kwa moyo mkunjufu, nacho ni cha kumwona Ötzi, yule mtu wa barafuni aliyeokotwa mlimani mwaka 1991 baada ya kulala huko miaka 5,300 hivi. Walipompima tumbo walikuta nyama ya mbuzi wa milimani, nyama ya kulungu na ngano. Alikuwa ametoka kula muda mfupi tu kabla ya kupigwa mshale, na chakula chake bila shaka alikibeba mwenyewe. Nilimwambia Tatu mbele ya lile dirisha lake dogo kwamba hata huyu hakukaa mezani San Marco, naye hakucheka.

Naona nimerudi kulekule. Basi nimalize habari za Venice. Tutalala Mestre, ng'ambo ya daraja la reli, ambako Oktoba nilipata kitanda katika chumba cha watu sita kwa euro 30 na ushei, na treni ya kuingia kisiwani huchukua dakika kumi hivi. Baadhi ya siku, hasa za mwisho wa wiki, wanaoingia kwa mchana mmoja hutozwa euro tano, na wakichelewa kujiandikisha huwa kumi. Anayelala Mestre ameshalipa kodi ya wageni, hivyo husamehewa, ila lazima ajiandikishe. Boti ya abiria ni euro 9.50 kwa safari moja, basi tutatembea kwa miguu, na tukitaka kuonja gondola tutavuka mfereji mkubwa kwa ile ya kivuko, euro mbili, dakika mbili, wenyewe huvuka wamesimama. Jumapili ya tarehe 7 makumbusho za serikali ya Italia zitakuwa bure kama kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, nasi tutaingia Accademia, makumbusho ya michoro, tukajaze macho. Kahawa tutakunywa karibu na stesheni. Halafu, kama hutachukia, nitakupitisha pale uwanjani tuusikilize muziki kutoka mbali kidogo, pale pasipotozwa, kwa sababu naona bado nina deni la nyimbo.

Sasa nijibu na wewe. Umeshapata siku ya kupeleka maombi ya viza, au bado unangoja barua yangu ya udhamini, ambayo naifuata ofisini Jumatatu? Umekata bima ya safari, ile inayotakiwa ifike euro 30,000? Zile euro 900 ni baada ya nauli ya ndege au nauli imo ndani, maana hukusema, na usiku nalala nikilifikiria hilo? Una viatu gani vya kutembelea, na usiniambie vile vya harusi ya Mwanahawa? Je, Bi Nuru amenisamehe lile jambo la sufuria? Mama anasemaje, kweli amekuruhusu au amenyamaza tu? Na kaka Salim, yeye mwenyewe Ulaya alifika lini?

Niwie radhi kwa miezi miwili ya kimya na kwa neno "bila hata kuhisi". Ramadhani njema kwenu nyote. Nijibu kabla ya Idi ya kwanza, na ukimwandikia Tatu usimtajie kwamba nimekueleza, kwa kuwa yeye mpaka leo anawaambia watu kwamba ule muziki ulikuwa mzuri sana.

Ni mimi rafiki yako,
Mwanakombo