Mjomba, hiyo 57 uliipata wapi?

Mjomba, shikamoo.

Najua umenuna tangu matangani, na mimi sijapoa. Ulinikatiza mbele ya wazee ukasema katika mauaji ya 1984 pale Wagalla, karibu na mji wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, walikufa watu 57, zaidi ya hapo ni siasa. Angesema mgeni asiyeijua Wajir ningenyamaza. Lakini wewe!

57 ni hesabu ya serikali. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema katika ripoti yake ya 2013 kuwa waliouawa wanakaribia 1,000, na wako manusura wanaotaja 5,000. Ukauliza, majina yako wapi? Wanaume wa Degodia, ukoo wa Wasomali, walianza kukusanywa Ijumaa, Februari 10, 1984, wakarundikwa kwenye uwanja wa ndege, juani, bila maji, siku kadhaa. Wakaamriwa wavue nguo. Nguo zikachomwa. Kipande, yaani kitambulisho, mtu hukiweka wapi, mjomba, kama si mfukoni? Kisha maiti zikapakiwa kwenye malori, zikatupwa porini. Serikali inayodai ushahidi ndiyo iliyouchoma.

Wewe wazee wanakuheshimu kuliko mimi, basi kaa nao kabla hawajatutoka. Andika jina la marehemu, la baba, la babu, na la mama yake pia, maana kina Mohamed Abdi ni wengi, na mke na mama huja kila mmoja kivyake kumtaja mtu yuleyule. Akiandikwa mara mbili, wanaokanusha wataanzia hapo kuiangusha orodha nzima. Aliyoyaona shahidi kwa macho yaweke mbali na aliyosimuliwa. Asipokumbuka tarehe, muulize ilikuwa kabla au baada ya Ijumaa ile. Na usimsomee maneno ya mwenzake. Simulizi zikifanana neno kwa neno, wakili atasema mlipangana.

Wanasema nilikosa adabu kuinuka chakula hakijaletwa. Haya. Lakini Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba radhi kwa dhuluma za zamani, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Serikali imeomba radhi, wewe bado unaitetea! Ningekaa nikutazame tu?

Mama ananisihi nije nikuamkie, na nitakuja, kwani ni wewe uliyenilea. Ila kabla sijafika, muulize mama mkwe wako majina ya kaka zake. Andika yote manne manne.