Mshauri wangu ndiye mhadhiri wangu, na siri ya nyumbani imefika ubaoni

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa Malindi, niko mwaka wa tatu, nasomea saikolojia na ushauri nasaha katika chuo kikuu kidogo cha kibinafsi hapa Nairobi. Kidogo kwelikweli: darasa letu zima halijazi matatu. Wahadhiri wa idara ni wawili, na mmoja wao ndiye kila kitu. Ndiye mkuu wa idara, ndiye anayetusimamia mafunzo ya nyanjani, tena ndiye mshauri nasaha pekee wa wanafunzi. Chuo kinatutaka sisi wenyewe tupate ushauri nasaha kabla ya kuhitimu. Hilo siligombi, ila wa kumwendea ni yeye tu.

Nilimwendea, nikamsimulia habari za kaka yangu. Kaka alikuwa akitumia unga, yaani heroini. Kliniki ya methadoni, dawa inayomsaidia mtu kuacha unga, ilipofunguliwa hospitali ya Malindi mwaka 2015, aliianza. Nilikuwa shule ya msingi bado, na wakati wa likizo Mama alikuwa akinituma nimsindikize. Anakunywa dawa muuguzi akimtazama, kisha anaambiwa aongee maneno mawili matatu, ijulikane amemeza, hakuificha mdomoni. Baadaye akaacha kwenda, unga ukamrudia, ukamuua. Matangani Mama alisema ni nimonia, na mtaani hadi leo watu wanajua ni nimonia. Kozi hii niliichagua kwa sababu yake, nirudi nifanye kazi kwenye kliniki ileile.

Muhula huu tumefika kwenye somo la familia. Mwalimu akachora ubaoni ukoo wa "mteja mmoja wa Pwani". Mwanamume huchorwa mraba, mwanamke duara, na aliyefariki hutiwa alama ya X. Akachora baba na mama, akaukata mstari wa katikati kuonyesha waliachana. Chini yao miraba miwili na duara la mwisho. Mraba wa kwanza akautia X, na pembeni akaandika: heroini, familia inasema nimonia. Jina hakulitaja. Lakini watoto wa Pwani darasani tuko wawili, na huyo mwenzangu kwao ni Malindi hukohuko, mama yake alikuja matangani kwetu. Aliniangalia, kisha akainamia daftari lake. Kinachoniuma zaidi, Shangazi, somo lenyewe lilieleweka. Mwalimu huyu anajua kufundisha, na ni yeye aliyetufundisha mwaka wa kwanza kwamba mshauri hamshauri mtu anayemsahihishia mitihani, wala siri ya mteja haitoki nje ya mlango.

Wenzangu wa chumbani wanasema nihame chuo. Ni rahisi kusema. Karo ananilipia mjomba, na sisi wa vyuo vya kibinafsi serikali hutupa mkopo tu, ufadhili hatuupati. Nikihama mwaka wa tatu, kuna masomo ambayo chuo kipya hakitayakubali, nitayarudia, na mjomba naye ana watoto wake.

Kushtaki nako nimekufikiria. Malalamiko ya mwanafunzi hupelekwa kwa mkuu wa idara, yaani kwake yeye. Juu ya chuo kuna bodi iliyoundwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na ni bodi hiyohiyo itakayonisajili siku moja ili niruhusiwe kufanya kazi. Isitoshe, daftari langu la mafunzo ya nyanjani bado halijatiwa sahihi, na mwenye kalamu ni yeye. Sitaki afukuzwe. Nataka ajue alichokifanya, na asiwarudie hivyo wanaokuja nyuma yangu.

Sasa niambie, Shangazi. Nimkabili uso kwa uso sasa hivi, au nivumilie mpaka atie sahihi ndipo niseme? Na Mama je? Mwenzangu sijaongea naye, sijui kama ameshapiga simu kwao. Likizo inakaribia, na naona afadhali Mama alisikie jambo hili kwangu kuliko kulisikia kisimani. Lakini nitaanzaje kumwambia kwamba niliyoyasema ni yale aliyoyaficha miaka yote hii?

Jina langu tafadhali lisichapishwe.

Mwanafunzi, Nairobi