Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza kuhusu maji ya Ghuba na furu wanaoyategemea

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu na heshima nyingi kwako na kwa watumishi wote wa mkoa wetu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa shule ya sekondari hapa Mwanza, na nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo ninaloliomba haliwezi kubebwa na idara moja peke yake. Linagusa maji, mazingira, ardhi na uvuvi kwa pamoja. Ninaomba uangavu wa maji ya Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Victoria upimwe, utangazwe na ulindwe kwa uzito uleule unaopewa tani za sangara na dagaa zinazoshushwa mialoni, kwa kuwa uangavu huo ndio unaozizuia spishi nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hili, zisichanganyike hadi zikapotea.

Naomba unipe nafasi ya kueleza. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba spishi ni kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao na waliotengana kiuzazi na makundi mengine, maana ambayo mwanabiolojia Ernst Mayr aliieneza kuanzia mwaka 1942. Mfano unaotolewa darasani karibu kila mara ni baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike: punda ana kromosomu 62, farasi 64, baghala 63, na kwa kawaida baghala huwa tasa, hivyo damu za wazazi wake haziendelei kuchanganyika. Mfano wa pili ni wa umbali. Ziwa Nabugabo, upande wa Uganda, lilikatwa kutoka Ziwa Victoria na ukanda wa mchanga takriban miaka 4,000 iliyopita, na leo lina furu kadhaa ambao hawapatikani katika ziwa kubwa. Mifano yote miwili ni sahihi, lakini hakuna hata mmoja kati yake unaoeleza kinachotokea kwenye mawe ya ghuba yetu, ambako spishi zinaishi jirani kabisa na chotara wao si tasa.

Uchunguzi wa matope ya sakafuni unaonyesha kwamba Ziwa Victoria lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Tangu lilipojaa tena zimetokea humo spishi zaidi ya 500 za furu: walao mwani, walao wadudu, walao samaki wenzao, na wale wanaovunja konokono kwa meno ya kooni. Kasi hiyo ya kuzaliwa kwa spishi inahesabiwa miongoni mwa kubwa kuliko zote zinazojulikana kwa wanyama wenye uti wa mgongo, na sehemu kubwa ya utafiti ulioifahamisha dunia jambo hilo ilifanyika hapahapa, katika ghuba inayoonekana kutoka ofisini kwako.

Nichukue furu wawili tu. Wa kwanza ni Pundamilia nyererei, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume wake ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi ya wima. Wa pili ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ana mistari kama hiyo, ila mwili wake ni wa kijivu chenye buluu na pezi la mgongoni ni buluu iliyokolea. Majike wa spishi zote mbili wamefifia rangi na wanafanana mno. Dume hushika eneo lake kati ya mawe, hufukuza madume wenzake, na jike anapokaribia hutanua mapezi na kutetemesha mwili mbele yake. Jike akiridhika hutaga mayai machache, huyachukua mdomoni papo hapo, na huyaatamia humo mpaka vifaranga waweze kuogelea wenyewe. Kwa hiyo mpaka kati ya spishi hizi mbili umo katika uamuzi wa jike, na uamuzi huo unategemea sana rangi anayoiona.

Ushahidi wake uko wazi. Katika matangi ya maabara, majike waliowekwa chini ya mwanga mweupe walichagua madume wa spishi yao, lakini mwanga ulipobadilishwa ukawa wa rangi moja ya chungwa, ambao unafuta tofauti kati ya nyekundu na buluu, upendeleo huo ulitoweka. Ni kama kujaribu kuchagua kitenge usiku chini ya taa ya barabarani ya rangi ya chungwa. Watoto waliopatikana kwa kuzipandisha spishi hizo mbili walikuwa wazima na waliweza kuzaa. Watafiti Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha hoja hii mwaka 1997 katika jarida la Science, wakionya kwamba kuchafuka kwa maji kunavunja utengano wa uzazi wa furu wetu.

Mwaka 2008 Seehausen na wenzake walirudi na maelezo ya kina zaidi kutoka visiwa vya ghuba hii. Maji yenye chembechembe humeza mwanga wa buluu kwanza, hivyo kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unaobaki unavyozidi kuwa mwekundu. Furu mwekundu huishi chini zaidi na furu wa buluu huishi juu, na jeni ya protini ya jicho inayopokea mwanga mwekundu inatofautiana kati yao, kila mmoja akiwa na aina inayofaa kina chake. Katika Kisiwa cha Makobe, kaskazini ambako ghuba inakutana na ziwa lenyewe na macho hupenya maji kwa takriban mita 2, spishi mbili zimetengana vizuri. Katika Kisiwa cha Luanso, kusini zaidi, ambako uangavu ni karibu nusu mita, watafiti walikuta kundi moja lenye rangi za kila namna katikati ya nyekundu na buluu. Hakuna sumu iliyomwagwa pale, wala hakuna aliyeokota samaki waliokufa ufukweni. Spishi mbili ziligeuka kundi moja kwa sababu majike hawakuweza tena kuchagua.

Hapa ndipo ninapopata wasiwasi mkubwa, Mheshimiwa. Takwimu za mialoni huwaweka furu wote katika safu moja, kwa uzito. Spishi 10 zikichanganyika na kuwa 1, uzito unaweza kubaki vilevile, na taarifa itakayofika mezani kwako itasema hali ni shwari. Upotevu wa namna hii hauonekani kwenye mizani.

Najua jibu la haraka ni kwamba aliyewamaliza furu ni sangara. Ni kweli kwamba sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na spishi nyingi sana za furu wa maji ya wazi na wa sakafu ya matope zikatoweka. Lakini furu wa kwenye mawe walinusurika kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu sangara hawafikii kwa urahisi katika nyufa. Hao ndio tuliobaki nao kwa wingi, na hao ndio wanaotegemea uangavu.

Jibu la pili ni la kitaalamu zaidi na linastahili heshima. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba furu wa ukanda huu wenyewe walitokana na kuchanganyika kwa koo mbili za zamani, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu. Mtu anaweza kuuliza basi tunaogopa nini chotara. Ninavyoelewa mimi, mchanganyiko ule ulileta jeni nyingi katika maziwa yenye nafasi nyingi zisizokaliwa na mazingira yaliyoruhusu makundi kutengana upya. Mchanganyiko wa leo unatokea kwa sababu mazingira hayo ya kutengana yanaondolewa, kwa hiyo unapunguza spishi badala ya kuzizalisha.

Maji yanapoteza uangavu kwa sababu tunazozijua. Mbolea, udongo na majitaka hulisha mwani, na mvua kubwa ikinyesha, Mto Mirongo hupita katikati ya jiji ukiwa wa kahawia, ukibeba tope na taka za vilimani mpaka ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini bustani na ujenzi ndani ya mita hizo vinaonekana mchana kweupe. Ninaomba sheria hiyo isimamiwe kwa kuanzia na fukwe za mawe, pamoja na kuzuia uvunjaji wa mawe ya mwambao kwa ajili ya kokoto. Ninaomba pia kaya za vilimani zipewe kipaumbele katika mtandao wa majitaka, kwa kuwa tope na kinyesi kutoka huko huishia kwenye ghuba.

Upimaji wenyewe hauhitaji bajeti kubwa. Kifaa chake ni kisahani cha upana wa sentimita 20, chenye robo nyeusi na nyeupe, ambacho hushushwa kwa kamba yenye alama mpaka kisionekane. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapa Mwanza na inaweza kusimamia usahihi wa vipimo kutoka kusini mwa ghuba hadi Makobe, na ofisi yako inaweza kuagiza matokeo yabandikwe kila mwezi mialoni na katika ofisi za kata. Mimi na wanafunzi wangu tuko tayari kupima katika kituo chochote tutakachopangiwa, na kukabidhi daftari la vipimo kwa afisa uvuvi utakayemteua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Baiolojia,
Mwanza