Ulicheza ngapi, Neema?

Mwanangu Neema,

Barua hii nimeiweka kwenye begi lako la fimbo za gofu, ule mfuko mdogo wa glavu, maana najua ndio utakaoufungua wa kwanza ukifika Dar. Ningekuambia kwa mdomo, lakini jana nilipoanza tu ukachomeka vile vitu vyako masikioni, na leo nyumba imejaa watu wa kukuaga. Wanakusifia. Mimi nawapakulia pilau huku moyo haujatulia.

Nakuuliza tena. Jumapili ulicheza ngapi?

Mimi uliniambia mikwaju 79, na kwenye gofu namba ndogo ndiyo sifa. Ukamwambia na mjumbe, na mama mchungaji, naye akaitaja kwenye ibada ya jumuiya, watu wakapiga makofi. Jumatatu asubuhi akaja kunywa chai yule kijana aliyekubebea begi. Nikamchokoza, "Neema jana kacheza, eti 79!" Akasema, "Eeh, mama." Kisha akaanza kukoroga chai ambayo nilishaitia sukari na kuikoroga mwenyewe. Alikoroga mpaka ikapoa. Neema, nimewauzia makedi, hao wabeba begi za wachezaji, chai na maandazi miaka 19. Kedi anayejua namba nzuri huisema kabla hujamwuliza, tena anaisema kama kaicheza yeye.

Sijawahi kushika fimbo, hilo utanijibu, nakusikia. Lakini gofu ninayoijua mimi nimeijua kwa upande wa jikoni. Bwana mkubwa akiingia klabu anaagiza soda na kusema leo nimepata 85. Kabla hajaimaliza hiyo soda, kibandani nimeshaambiwa ni 93, maligani mbili, yaani mikwaju aliyorudia bila kuihesabu, na mpira uliosogezwa kwa kiatu nyuma ya mti. Wanamcheka mpaka wanamwaga chai. Halafu kesho wanambebea begi, wanasema "shuti zuri, bosi". Yeye peke yake ndiye hajui, miaka nenda rudi yuko palepale, anabadilisha fimbo, ananunua viatu. Kila mtu pale ana jina la kibandani. Sitaki makedi wa Dar wakutungie la kwako.

Baba yako ananiambia nikuache, mtoto anasafiri. Hata sasa yuko hapa kajilaza, mgongo umemkamata tena, anajifanya amelala.

Nina jambo la kukuambia, na ukasirike tu. Nimefungua kabati lako nikatoa kadi. Zilikuwepo za raundi kumi. Ya Jumapili haimo. Nimekaa nazo usiku kama ninavyokaa na daftari langu la madeni, nikaandika shimo kwa shimo. Kwa kuwa uwanja wetu ni wa mashimo tisa na mnauzunguka mara mbili, shimo la nne umelicheza mara 20. Umepoteza hapo mikwaju 17 juu ya kiwango chake. Kumi na saba! Shimo lenyewe fupi, la kuvuka kijito, hata draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, huihitaji. Na mimi nakuona kila jioni unapiga draiva mpaka giza linaingia, watoto wanakushangilia jinsi mpira unavyopotelea mbali. Sijakuona hata siku moja ukienda kusimama pale la nne na ndoo ya mipira. Unafanya mazoezi ya kile unachokiweza tayari. Mimi nami napenda kupika chapati kwa sababu zinanikubali, mikate inanishinda naikwepa, lakini mimi sichezi kutafuta timu ya taifa.

Na hendikapu yako, ile namba ya kupimia uwezo wako, isikudanganye. Baba yako alinieleza inavyopigwa tangu walipobadilisha mwaka 2020: katika raundi zako 20 za mwisho wanachukua 8 zilizo bora, wanatafuta wastani wa hizo. Zile 12 mbaya zinakaa pembeni. Mimi nikihesabu siku nane nilizouza vizuri kati ya ishirini, nikasema hayo ndiyo mapato yangu, baba yako atanunua gari. Ile namba inasema unavyocheza siku zako nzuri. Siku ya mchujo anaweza kuamka yule Neema wa zile kumi na mbili, na lazima umjue, uwe umeshakaa naye.

Nimekununulia kaunta buku, iko chini ya taulo. Usiifanye ya kuandikia mistari ya wanamuziki. Kila shimo andika mkwaju wa kwanza umeangukia wapi, umeputi mara ngapi pale karibu na shimo, na mkwaju umeupotezea wapi. Uandike siku hiyohiyo kabla hujaoga, maana ukishaoga unaanza kusema "lakini upepo". Mimi nikitegemea kichwa, namkumbuka kila ninayemdai sukari ya mia tano, na madeni yangu kwa mama Upendo nayasahau yote. Ndiyo maana lipo daftari.

Nakwambia hivi kwa sababu ulilia kwa ajili ya ile puti ya mwisho. Siku mbili hukula vizuri. Baba yako anasema ilikuwa futi nane. Aliwahi kumbebea begi mgeni mmoja mtu wa mahesabu, akamwambia hata wale wa Marekani wanaolipwa kwa kazi hiyo, kwa futi nane wanaingiza kama nusu tu. Nusu, Neema. Ulikuwa unalia kwa kitu ambacho wao wenyewe wanakikosa kama kurusha shilingi, na mikwaju miwili uliyoiacha kijitoni asubuhi ileile hukuilia hata chozi. Ukishindwa kujua umepigwa wapi utaenda kuchua goti wakati kinachouma ni bega.

Kujituma unajituma, hilo sikunyimi. Hakuna mtoto mtaa huu anayeamka saa kumi na moja na baridi ya Arusha ya mwezi wa sita. Nikisikia watu wanawataja kina Madina Iddi na Angel Eaton, wanawake wetu wa gofu, huwa naweka jina lako pale katikati kimoyomoyo, sijawahi kumwambia mtu. Lakini hasira, mama, hasira umeitoa wapi? Sitaki kuambiwa ni kwangu. Ile fimbo uliyoirusha shimo la saba hela yake ilikuwa ya bati za jiko, na jiko bado linavuja, ukitaka ushahidi uliza beseni lililoko juu ya friji.

Maandazi yamenifundisha kitu kimoja. Karai la kwanza likiungua, mkono unataka kuongeza moto ili ufidie muda. Unaunguza na la pili. Ukipoteza mkwaju kijitoni, shimo linalofuata unalipiga kama una deni la kulipa leo leo, mpira unaenda msituni, sasa umepoteza mitatu. Baba yako anasema wao kibandani wana sheria: mchezaji ana ruhusa ya kukasirika kutoka pale aliposimama mpaka kwenye begi. Fimbo ikishatumbukia ndani, imekwisha. Kedi mzuri huweka begi mbali kidogo makusudi. Huko Dar pengine utajibebea mwenyewe, basi weka begi mbali.

Mwaka 2025, ule mwezi wa nne, vijana walikuja asubuhi macho mekundu, wamekesha na simu moja wakimwangalia Rory McIlroy, yule mcheza gofu wa Ireland Kaskazini. Mwaka 2011 kijana huyo aliamka siku ya mwisho ya Masters, mashindano makubwa ya pale Augusta, Marekani, akiongoza kwa mikwaju minne, akapiga 80, dunia nzima ikimtazama. Ilimchukua miaka 14 kulipata lile koti la kijani la mshindi. Na hata hiyo siku ya kulipata alipoteza mikwaju miwili shimo la kwanza tu. La 13 akautupa mpira majini, tena kwa mkwaju mfupi, akapoteza miwili mingine. La 18 akakosa puti ya kumaliza kazi. Wakaenda marudiano na Justin Rose, akashinda. Vijana walikuwa wanasifia ile birdi ya mwisho, shimo la mkwaju mmoja chini ya kiwango. Mimi nilikuwa nakanda unga nikiwaza ile 80. Aliiandika 80. Hakuiandika 77.

Halafu kuna ile hadithi ya babu wa Argentina, Roberto De Vicenzo, ambayo baba yako akiianza huwa unamkata. Usimkate, ina maana. Mwaka 1968, Augusta hukohuko, alicheza la 17 kwa 3, mwenzake aliyekuwa akimwandikia akaweka 4, naye akasaini bila kukagua. Sheria ni kwamba ukisaini namba kubwa kuliko uliyocheza, inabaki hiyohiyo. Akakosa hata nafasi ya marudiano, Bob Goalby akachukua kombe kwa mkwaju mmoja. Na ukisaini ndogo kuliko uliyocheza, unaondolewa. Hivyo ndivyo ilivyo, unaijua sheria kuliko mimi. Uliijua hata ukiwa na miaka 14. Ulikuwa umeshafungua mdomo kuwaambia wale wa kamati pale mezani, nilikuona, na kuna mtu alikukanyaga mguu chini ya meza.

Blenda imeungua mota, by the way kama unavyosema wewe. Wiki ya tatu sasa. Sijaipeleka kwa fundi.

Nimekaa nikifikiri pia kuhusu ile tabia yako ya kunitazama kwanza usoni ndipo utaje namba. Tangu ukiwa darasa la sita. Unafika kibandani, unanitazama, unapumua, unasema. Nilidhani ni adabu. Siku zile za 95 na 97 sijui nilikuwa nakunja uso kiasi gani, moshi wa kuni nao ulikuwepo. Baba yako anasema haukuwa moshi. Basi nikipokea simu yako usinione, si ndiyo uzuri wa simu? Taja namba kwanza, salamu baadaye. Hata ikiwa 91.

Anaamka huyu baba yako, anasema nikuandikie hili la hewa na nisilisahau. Huku tuko juu, kama mita 1,400, hewa nyepesi, mpira unaruka. Dar uko usawa wa bahari. Fimbo yako namba saba ya yadi 140 huko itapungukiwa yadi sita au saba hivi, na mwezi huu upepo wa kusi unavuma, ukikukabili usione aibu kuchukua namba tano inayofika mbali zaidi. Siku mbili za kwanza pale uwanja wa Lugalo usihesabu mikwaju, pima tu kila fimbo inafika wapi na uandike upya. Anasema watu wa milimani wakishuka pwani hupungukiwa kila mkwaju kwa wiki nzima, kwa sababu wanapiga umbali wa nyumbani. Anasema uulize makedi wa pale grini, yale majani mafupi penye shimo, zinalazia majani upande gani, wao wanajua, na uwasalimie kabla ya kuwauliza.

Shangazi yako umwamkie kwa magoti kama ulivyolelewa, Dar au si Dar. Usifike mikono mitupu. Ndoo ile nyekundu ina parachichi, zile ngumu weka chini. Yeye hataki hela ya chakula lakini umwekee umeme, bila kumwambia. Usimruhusu mume wake akufundishe gofu, alicheza mara mbili tu mwaka 2009. Elia anataka kalamu za rangi za jiografia, yuko kidato cha pili na mtihani wa taifa ni mwezi wa kumi na moja, ukipata nafasi Kariakoo mtumie, usimtumie hela maana atanunua bando. Ng'ombe anapungua maziwa. Nimemwita mtu wa mifugo, kasema atakuja kesho, kesho ya wiki iliyopita.

Hela ya kiingilio cha mashindano iko kwenye bahasha ndani ya Biblia. Usiniulize imetoka wapi. Haimo kwenye daftari.

Ile kadi ya Jumapili, kama hujaichana, iweke ukurasa wa kwanza wa kaunta buku. Kijana wa begi sikumwuliza tena, nilimwongezea chai ya moto akaenda zake. Mjumbe na mama mchungaji niachie mimi, nitajua la kuwaambia. Wewe niambie mimi tu.

Ni saa nane usiku, basi lako saa kumi na mbili. Unga umeumuka, naenda kuwasha jiko. Nitakufungia maandazi 20, ya shangazi ni 12, na akiyakuta 11 atanipigia.

Mama yako