Barua kwa kuruta mwenzangu

Moshi, Jumapili jioni

Kwako Mwanahawa, kuruta mwenzangu,

Shikamoo hatupeani, maana hatujawahi kukubaliana nani mkubwa. Basi hujambo? Watoto je? Yule wa Muheza kajifungua salama? Mimi mzima, ila goti la kulia linalalamika kila nikipanda kale kamlima ka kanisani. Daktari kanambia nipunguze uzito. Nikamwambia uzito huu niliupata kihalali.

Najua unashangaa. Miaka miwili na ushee hatujasemezana, halafu ghafla barua, tena ya karatasi. Simu niliiogopa, ungenikatia. Ujumbe nao ungeuacha hivyo hivyo bila kuufungua, nakujua. Karatasi utaifungua hata kwa kutaka kujua nimeandika upuuzi gani. Nimempa yule dereva wetu wa basi la Tanga, na parachichi sita juu yake. Zikifika tano usimuulize.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Baraka, mtoto wa marehemu Eliud, yule uliyembeba mgongoni siku nzima pale msibani. Sasa ni mwanaume mwenye ndevu. Kamaliza kilimo cha bustani kule Morogoro, mwaka wa pili huu yuko nyumbani anauza vocha na kunifundisha namna ya kumwagilia nyanya zangu mwenyewe. Juzi kaja na karatasi. Anataka kwenda Israel, mafunzo ya kilimo kwa vitendo, karibu mwaka mzima, na posho juu. Kuna mwenzake kamwambia nafasi zitarudi. Anataka niweke sahihi kama mlezi. Karatasi iko juu ya kabati, chini ya Biblia, na kila nikipita naiona ncha yake.

Nilimuuliza, wewe hujasikia habari za wale vijana wetu wawili waliouawa kule? Akanijibu kwa upole kabisa: "Shangazi, serikali ina ubalozi kule. Ingekuwa mahali pabaya wangefungua ubalozi?"

Nikakukumbuka wewe. Maana hilo ndilo jibu nililokupa mimi Oktoba 2023 kwenye lile kundi la simu la makuruta, kabla hujatoka na kuniachia yale maneno yako. Niliweka bendera ya Israel na mstari wa Zaburi. Wewe ukaweka picha ya yule mama wa Gaza na sanda ndogo mikononi. Mimi nikaandika nilichoandika. Sitakirudia hapa, aibu yangu inanitosha. Kisha nikakuwekea ubalozi wetu wa Tel Aviv, uliofunguliwa Mei 2018: ona, serikali iko upande wangu. Nawe ukanijibu kwa mkupuo mmoja tu: nani ana ubalozi Dar tangu enzi za Mwalimu, Mpalestina au Mwisraeli? Nilikosa jibu nikakuita mdini. Mungu anisamehe, na wewe ukiweza.

Tangu Baraka alete ile karatasi nimekuwa nikilifikiria lile gomvi letu, na nimegundua kitu cha kuchekesha kidogo. Wote wawili tulikuwa sahihi kuhusu serikali. Kila mmoja aliikuta upande wake. Mwaka 1973, mwezi kama ule ule wa Oktoba, tulivunja uhusiano na Israel pamoja na karibu Afrika nzima, kwa sababu ardhi ya Misri ilikuwa imekaliwa na Misri ni Mwafrika mwenzetu. Wapalestina wa PLO, chama chao cha ukombozi, wakapokewa Dar kama walivyopokewa wapigania uhuru wa kusini. Novemba 1988 walipotangaza dola yao kule Algiers, sisi hatukumaliza mwezi, tukaitambua. Hilo ni lako. Halafu 1995 tukarudiana na Israel, na 2018 tukapeleka balozi. Hilo ni langu. Kama wanawake wawili wanaogombea mume, kila mmoja ana cheti cha ndoa.

Lakini wewe unakumbuka Ruvu, kambini kwetu Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Kile kipindi cha siasa chini ya mwembe, saa nane mchana, tumbo limejaa dona na yale maharage yenye wadudu, macho yanafumba yenyewe. Yule afande mwenye koti hata jua likiwa la kuchoma ngozi. Ubeberu, ukaburu, Uzayuni! Vitatu kama mafiga, hakitajwi kimoja bila vingine. Ukanyoosha mkono ukauliza, "Afande, Mzayuni ni nani?" Akasema, "Ni mnyang'anyi wa ardhi ya Mpalestina na rafiki wa Kaburu. Kaa chini." Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yetu yote ya Mashariki ya Kati. Na nikiitazama sasa haikuwa ya uongo, ilikuwa fupi tu. Israel na makaburu walikuwa wanauziana silaha kweli, na sisi tulikuwa na vijana wa ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wanaishi kwetu hapa Mazimbu, Morogoro. Huwezi kumpikia mtu wali halafu ukacheke na anayemuuzia bunduki adui yake.

Sasa sikia ambalo sikuwahi kukwambia, kwa sababu wakati ule ningechekwa hanga zima. Nilipokwenda likizo nikamsimulia baba yale ya afande. Baba alicheka mpaka akaiweka chini pombe yake. Yeye alikuwa wa mwanzo mwanzo JKT, si unajua, ilianzishwa Julai 1963. Akanambia, "Hao mnaowatukana ndio walikuja kutushauri namna ya kuijenga hiyo kambi mnayotukania." Na ni kweli, nimekuja kusoma baadaye: washauri wa Kiisraeli walikuwepo, na wazo la askari mwenye jembe mkono mmoja na bunduki mkono wa pili walilitoa kwenye kikosi chao kilichokuwa kikilima na kulinda mipaka. Baba alimkumbuka mmoja wao, mwenye kaptura na miguu iliyoiva kama nyanya, aliyelima tuta moja na makuruta mpaka mwisho, akasimama, akanywa maji, akaanza la pili. "Mzungu anayelima," alikuwa akisema baba, kama mtu aliyeona samaki akipanda mti. Hata hoteli ya Kilimanjaro pale Dar walijenga wao. Halafu 1973 wakaondoka, na baba hakuambiwa kwa nini. Alisikia redioni kama watu wote, akasema Mwalimu anajua.

Wewe ulikuwa unajua kwamba mchakamchaka wetu wa alfajiri una mjomba Israel? Mimi sikujua. Najiuliza kama afande alijua.

Ninachotaka kusema, na nazunguka kwa sababu sijakipata vizuri, ni hivi. Zamani serikali ikisema ulisikia. Ungekubali usingekubali, ulisikia. Mwaka 1975 pale Umoja wa Mataifa, lilipopigiwa kura azimio la kusema Uzayuni ni ubaguzi wa rangi, Tanzania ilisema ndiyo. Desemba 1991 azimio lile lile lilipofutwa, Kenya jirani zetu walisema lifutwe, sisi tukajizuia. Hatukusema ndiyo, hatukusema hapana. Mimi naona tangu siku ile tulianza kuongea kwa sauti ya mgonjwa.

Ngoja nisiwe mwongo lakini. Mwaka 2006 tulikuwa wajumbe wa Baraza la Usalama, na mara mbili, Julai na Novemba, lilipokuja azimio la kuitaka Israel isimamishe mashambulizi Gaza, kura yetu ilikuwa ndiyo. Marekani ikayaua yote mawili kwa kura ya turufu. Balozi wetu New York miaka ile alikuwa Mahiga. Na nani alikwenda Tel Aviv 2018 kufungua ubalozi? Mahiga huyo huyo, akiwa waziri wa mambo ya nje. Marehemu simlaumu, alikuwa mtu wa heshima zake, na kazi ya mwanadiplomasia ni kubeba alichopewa. Lakini mtu mmoja, ndani ya miaka 12, kabeba vikapu vyote viwili! Na Mei 2024 tulikuwa tena kwenye zile kura 143 za kusema Palestina inastahili uanachama kamili wa Umoja wa Mataifa. New York tunampigia kura Mpalestina, Tel Aviv tunaomba mafunzo ya umwagiliaji wa matone. Ukiwauliza watakwambia sera ni ile ile, mataifa mawili kuishi jirani kwa amani, pande zote zijizuie. Pande zote zijizuie! Mimi nimefundisha miaka 31, na mwalimu anayewaambia wanafunzi wote wanaopigana "jizuieni" ni yule ambaye hataki kujua nani kaanza wala nani ndiye mwenye mwili mkubwa.

Shemeji wa Nairobi alinicheka sana Oktoba ile ya 2023. Akasema afadhali Ruto, alitamka mapema kabisa kwamba Kenya iko pamoja na Israel, mtu ajue. Nami nikamwambia subiri. Mwezi uliofuata Ruto naye alikuwa anazungumza mataifa mawili kama sisi. Afrika Kusini peke yao ndio walifunga kamba za viatu wakaenda mpaka mahakamani The Hague kuishtaki Israel, Desemba ya mwaka ule ule. Makaburu wangeambiwa mwaka 1985 kwamba nchi yao ndiyo itakayofanya hivyo! Sisi tuliowapikia wali tulikaa barazani.

Halafu hapo hapo nafsi inanisuta. Tungesema nini, na vijana wetu zaidi ya 200 walikuwa mashambani kule? Wawili hawakurudi hai. Walikwenda kujifunza kilimo, hata msimu hawajaumaliza, wakauawa pamoja na wengine wengi katika lile shambulio la Oktoba 7 lililoongozwa na Hamas. Mmoja wa mkoa wetu huu, alizikwa mapema. Yule wa Manyara mwili ulishikiliwa Gaza miaka miwili, miaka miwili Mwanahawa, ukarudishwa Novemba 2025 tu. Siku zile sisi wenyewe tulikuwa na yetu hapa nchini, hebu tuyaache, na habari ile ilipita kama upepo. Mimi nilikuwa nachambua mchicha, redio iko dirishani. Nikasimama. Nikawa najiuliza, mzazi anayengoja mwili Gaza anamwomba nani? Sera yetu ya urafiki na wote ilimsaidia au haikumsaidia? Sijui. Pengine ilisaidia. Pengine kukaa na milango miwili wazi ndiko kulikofanya mtu apate wa kumpigia simu kila upande. Hapo ndipo ninapokwama kila usiku, na hapo ndipo nilipoanza kuona ule uzembe wetu una maana yake, nikaudhika, nikalala.

Usidhani nimehamia kwako moja kwa moja. Bado nasali Zaburi ya Yerusalemu. Lakini bendera nimeitoa kwenye simu, na mchungaji alipoziweka mbili madhabahuni mwaka juzi nilimuuliza, baba, Wakristo wa Bethlehemu nao tunawaombea kwa bendera gani? Akanambia tutazungumza. Bado tunangoja mazungumzo hayo, kama yale ya kwao.

Yote haya, na karatasi ya Baraka bado iko juu ya kabati. Nikikataa, nitamlisha nini? Nikikubali, na likatokea la kutokea, nani atakayenipokea simu, wale wa New York au wale wa Tel Aviv? Mtoto mwenyewe hana habari na sera. Kanionyesha picha ya pilipili hoho zimesimama jangwani, kila shina na kibomba chake, na macho yanamng'aa kama ya baba alipokuwa anasimulia yule Mzungu na tuta lake. Nikamwambia, shamba hilo na wewe kuna uzio katikati, na upande wa pili wa uzio kuna watu wasio na maji. Akasema, "Najua shangazi. Lakini hapa Moshi nina maji na sina shamba." Utamjibu nini mtoto kama huyo?

Basi naomba. Salim bado ana watu wake pale Mambo ya Nje, au alipostaafu walimsahau? Niulizie kwake, usiseme ni mimi kama bado ana hasira: je, safari hizi sasa zinapitia serikalini au kila chuo kinajipelekea? Wanapangiwa mashamba wapi, karibu na Gaza au kaskazini? Kuna mkataba ambao mzazi anaweza kuuona, au ni karatasi hii hii ya ukurasa mmoja? Na ubalozi wetu kule una watu wangapi wa kushughulika nao, au balozi na dereva wake? Na wewe mwenyewe, ukiondoa hasira, ungekuwa wewe ungeweka sahihi? Bi Mwantumu anasemaje, yeye ambaye mjukuu wake yuko Muscat? Na ule mkeka wangu wa ukili bado uko kwako au uliugawa siku ile ulipotoka kwenye kundi?

Dereva anarudi Jumatano. Mpe jibu, hata kama ni mstari mmoja wa matusi. Na kama embe dodo zipo bado, tia mbili.

Wako,
Felista